Kabati na Ukuta Wake

Anayetaka kabati la kumfaa Migori au Homa Bay aanze kwa kuutazama ukuta. Autazame kama umenyooka au umepinda, kama ni wa matofali, wa udongo au wa mabati, kama huvuta unyevu wakati wa mvua ndefu, na uko umbali gani kutoka mlangoni. Akimalizana na ukuta, avitazame vitu anavyotaka kuviweka. Picha ya kabati ije mwisho. Siku hizi mpangilio huo umepinduliwa, picha ndiyo inayotangulia. Mtu huona kwenye simu kabati la kale la nusu mwezi, lenye mgongo bapa na tumbo lililojitokeza mbele, miguu myembamba na vishikio vya shaba, akaipeleka picha hiyo kwa seremala wa Rongo, Awendo au Oyugis na kuagiza mfano wake. Seremala anaijua kazi na anaihitaji, kwa hiyo hulitengeneza. Likifika nyumbani, sufuria kubwa haziingii, milango inagonga sofa, na baada ya misimu miwili mchwa wameshaingia. Lawama humwangukia fundi, ingawa kosa lilianza kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Naandika kutetea jambo moja: samani za kuhifadhia vitu huzaliwa na nyumba, na kumbukumbu ya nyumba zilizojengwa Nyanza Kusini kwa vizazi kadhaa inafundisha kuchagua kabati kuliko picha yoyote ya dukani.

Hata kabati la nusu mwezi lenyewe lilizaliwa na nyumba. Lilishamiri Ufaransa na Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 18, kwenye majumba ya matajiri yenye vyumba virefu, kuta zilizonyooka na madirisha yaliyopangwa kwa mizani. Kati ya dirisha na dirisha palibaki kipande cha ukuta, na kipande hicho kilitafutiwa cha kukijaza. Wakati huo samani nyingi zilipangwa kandokando ya kuta, zikavutwa katikati zilipohitajika, ili sakafu ibaki wazi kwa watu kupita na mavazi yao mapana. Kabati lisilo na pembe za mbele lilimpisha mpita njia bila kumkwaruza. Msanifu Robert Adam alichora makabati ya namna hiyo kwa ajili ya ukumbi wa Osterley Park, nje kidogo ya London, katika miaka ya 1770, na akayafanya yaoane na dari, zulia na kuta za chumba kilekile. Kitabu cha michoro cha George Hepplewhite, kilichotolewa na mjane wake mwaka 1788, na kile cha Thomas Sheraton kilichofuata miaka ya 1790, viliyasambaza maumbo hayo kwa maseremala wa miji midogo. Watu wanaolitazama leo kama pambo linaloweza kusimama popote wamelitenga na chumba kilicholipa umbo lake.

Kulitengeneza kulikuwa kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ubao haukubali kupinda kwa urahisi, kwa hiyo mafundi wa Ulaya walikata vipande vifupi vya mbao laini vyenye mviringo, wakavipanga kwa gundi tabaka juu ya tabaka, wakavilainisha kwa randa hadi uso ukawa wa duara, kisha wakavifunika kwa vinia ya mbao ya thamani iliyokatwa nyembamba sana. Uzuri wote ulikuwa juu ya ngozi. Na kazi yote hiyo ilipunguza nafasi. Kabati la nusu duara lenye upana wa futi 3 na kina cha futi moja na nusu katikati lina eneo la futi za mraba 3.5 hivi, ilhali kabati la pembe nne la upana na kina kilekile lina 4.5. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya nafasi imetolewa sadaka kwa ajili ya mpita njia. Mwenye jumba la vyumba 30 hakuhisi hasara hiyo. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye sebule ya futi 10 kwa 10 ataihisi kila siku atakapokosa pa kuweka vikombe.

Sasa tuje kwetu, na tuanze mbali. Thimlich Ohinga, iliyoko Kaunti ya Migori na iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, ni makazi ya mawe yaliyojengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zilipangwa jiwe kwa jiwe bila chokaa wala saruji, na sehemu nyingine zina urefu unaopita mita 4. Zimezunguka. Ndani ya kuta hizo nyumba zilikuwa za mviringo pia, na umbo hilo la nyumba likaendelea kwa Wajaluo, Wasuba na Wakuria hadi ndani ya karne ya 20. Ukuta ulionyooka ni mgeni katika nchi hii. Umekuja juzi ukilinganisha na umri wa mawe yale. Mtu akitaka kujua uzito wa jambo hilo kwa habari ya kabati, apime. Katika nyumba ya msonge yenye kipenyo cha futi 12, ukiliegemeza ukutani kabati lenye upana wa futi 5 na mgongo bapa, litagusa ukuta kwa ncha zake mbili tu, na katikati nyuma yake patabaki pengo la zaidi ya inchi 6. Pengo hilo halifikiwi na ufagio. Panya watalipenda, na mende, na unyevu. Kwa hiyo nyumba ya mviringo haikukosa kabati kwa sababu watu wake hawakujua kuchonga. Kabati lenye mgongo bapa halikuwa na mahali pa kusimama humo.

Badala yake, uhifadhi ulipanda juu na ukatoka nje. Juu, kwenye fito za paa, vilining'inizwa vibuyu, vikapu na mbegu, mahali ambapo moshi wa jiko ulifukuza wadudu. Chini, vyungu vya duara vilikaa juu ya kata za majani au vikapandana, kikubwa chini na kidogo juu, vikifuata mkunjo wa ukuta bila kupoteza hata inchi. Watafiti Ingrid Herbich na Michael Dietler, waliokaa na wafinyanzi wa Kijaluo miaka ya 1980, walionyesha kwamba wanawake wengi walijifunza ufinyanzi baada ya kuolewa, kwa mama mkwe na wake wenza, wakafuata mkono wa mahali walipoolewa. Maumbo ya vyungu yalikuwa ya mtaa, yakijulikana kwa soko na kwa boma. Chungu cha maji hakikuwa na umbo la chungu cha mboga, wala cha mboga hakikuwa cha pombe. Kila kitu kilikuwa na chombo chake, na chombo kilikuwa na mahali pake ndani ya duara la nyumba.

Nje palikuwa na dero, ghala la nafaka, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana sioni samani nyingine ya Nyanza iliyofikiriwa kwa kina kama hii. Dero ni kapu kubwa lililosukwa, limeinuliwa juu ya miti na mawe, limefunikwa kwa paa dogo la nyasi linalonyanyuliwa na kuegemezwa kwa mti pale mtu anapotaka kuchota. Kuinuliwa kwake si urembo. Mchwa hujenga njia zao za udongo kutoka ardhini, na chombo kilichoinuliwa huwalazimisha wapite mahali ambapo jicho la mwenye nyumba litawaona asubuhi na kuwafuta. Hewa hupita chini na nafaka haivundi. Maji ya mvua hupita bila kulowesha kitako. Na katika boma la wake wengi, kila mke alikuwa na ghala lake, lililojazwa na shamba lake na kulisha watoto wa nyumba yake. Kulichungulia ghala la mwenzako lilikuwa jambo la fedheha. Ukitaka kujua nani alikuwa na mamlaka juu ya chakula katika boma, ungeyahesabu maghala kabla ya kuuliza swali lolote. Makumbusho ya Kisumu yamejenga boma zima la Kijaluo linaloitwa Ber-gi-dala, na anayepita pale akiwa na nia ya kununua kabati atajifunza mengi kuliko kwenye chumba cha maonyesho cha samani, mradi asitembee haraka.

Najua litakalosemwa hapa. Litasemwa kwamba vyungu, vikapu na maghala ni vyombo vya shamba, si samani za nyumbani, na kwamba mtu mwenye televisheni, vyeti vya shule, sahani za udongo za Kichina na nguo za kanisani hawezi kurudi kwenye kibuyu kinachoning'inia. Ni kweli, na sitaki arudi. Ninayotaka yarudi ni maswali ambayo vyombo vile viliyajibu: adui wa kitu hiki ni nani, nani atakifungua, mara ngapi kwa siku, na nitajuaje kinapoanza kuharibika? Kabati la leo linalojibu maswali hayo manne ni mjukuu halali wa dero hata likiwa na milango ya kioo na bawaba za chuma. Kabati lisiloyajibu litabaki mgeni ndani ya nyumba hata likichongwa Homa Bay kwa mbao za Homa Bay.

Ukuta ulionyooka uliletwa na njia kadhaa kwa wakati mmoja. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na kutoka hapo meli za ziwani zikafika Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, zikibeba mabati, misumari, vioo na bawaba. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi walijenga maduka ya pembe nne yenye rafu hadi darini. Mwaka 1906 Waadventista, Mkanada Arthur Carscallen akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Malawi, walianzisha misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay. Mwaka huohuo Waanglikana walianza shule ya Maseno upande wa pili wa ghuba, na useremala ukawa miongoni mwa kazi zilizofundishwa huko. Kutoka kwenye misheni kama hizo walitoka vijana waliojua kupima pembe, na vijana hao walijenga nyumba zenye pembe. Ukishakuwa na pembe, una kona. Ukishakuwa na kona, una mahali pa kusimamisha kitu chenye mgongo bapa. Kabati liliingia Nyanza Kusini baada ya ukuta kuliandalia nafasi, si kabla.

Lakini kabla ya kabati liliingia sanduku, na kumbukumbu ya sanduku ni nzito zaidi. Kodi ya nyumba na kazi za mshahara ziliwapeleka wanaume Kisumu, Nairobi, Mombasa na Kampala, na mtu aliyelala kwenye chumba cha reli pamoja na wenzake hakuhitaji kabati. Alihitaji kitu kinachofungwa kwa kufuli na kubebeka begani. Sanduku la mbao, na baadaye la bati, likawa nyumba yake ndogo: nguo nzuri, barua, risiti za kodi, na zawadi za nyumbani. Mtindo huo haujafa. Kwa miaka mingi, vijana wa kidato cha kwanza wamesafiri na masanduku ya bati yaliyopakwa rangi, jina limeandikwa kifuniko kizima, na masanduku hayohayo, shule ikiisha, yamebaki chini ya vitanda vya wazazi yakihifadhi hatimiliki ya shamba, kadi za kliniki na mashuka ya wageni. Hakuna anayeyaita samani. Hata hivyo, kwa kuwa bati haliliwi na mchwa, nyaraka muhimu za familia nyingi za Migori na Homa Bay zimesalimika ndani ya masanduku ya shule kuliko ndani ya makabati ya sebuleni.

Kabati la vioo lilikuja kushika sebule katika miongo ya baada ya uhuru, nyumba za walimu, makarani, wauguzi na wakulima wa miwa zilipoanza kuwa na chumba kilichotengwa kwa ajili ya wageni. Kampuni ya sukari ya SONY iliundwa mwaka 1976 huko Awendo, na malipo ya miwa, yalipokuja kwa wakati, yaligeuka mabati, saruji na samani. Kabati la kizazi hicho lilikuwa la mbao nzima, la fremu na paneli. Fremu hushikana kwa viungo vya ulimi na tundu, na paneli hukaa ndani ya mfereji bila gundi, ili ubao ukivimba masika na kunywea kiangazi usipasuke. Ndani yake viliwekwa vikombe na sahani, vingi vikiwa vimepatikana kwa chama cha akina mama, ambapo kila mwezi wanachama humnunulia mmoja wao vyombo. Sitakubali wanaosema kabati hilo lilikuwa la majivuno tu. Matanga yalipotokea, na Nyanza matanga ni mkusanyiko mkubwa, kabati hilo lilifunguliwa na vikombe vikahesabiwa kwenda nyumba ya jirani, kisha vikahesabiwa vikirudi. Lilikuwa akiba ya ukarimu ya kijiji kizima, na kioo chake kilimwonyesha kila mgeni kwamba pana cha kuazima.

Pwani walikuwa wamelijibu swali hilohilo kwa namna nyingine, na tofauti yake inaangaza yetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi za zile zilizobaki ni za karne ya 18, kuta za matumbawe ni nene kiasi cha kuchimbwa zidaka, safu za vishubaka vya lipu vilivyotiwa nakshi, ambamo sahani za Kichina na vitu vya thamani viliwekwa. Pale ukuta wenyewe ndio kabati. Vitu vya kufungwa viliwekwa kwenye masanduku makubwa yenye vichwa vya misumari ya shaba, mengi yakiletwa kutoka magharibi ya India. Mjaluo wa zamani asingeweza kuwa na zidaka hata angetaka. Ukuta wa fito na udongo ni mwembamba, na tena nyumba ya Kijaluo haikukusudiwa kudumu kuliko mwenyewe. Mwana aliyeoa alitoka akaanzisha boma lake. Baba na mama wakifa, nyumba iliachwa ianguke, na boma likawa gunda, mahame. Kwenye utamaduni wa namna hiyo, kuwekeza ndani ya ukuta ni kuuzika utajiri. Cha kurithiwa lazima kibebeke. Kwa hiyo wanaotushauri leo tujenge makabati ndani ya kuta kama ya nyumba za kupanga za Nairobi wanatushauri kitu kinachofaa nyumba ya kudumu ya mjini, na kisichofaa simba, ile nyumba ya kijana bomani kwa baba yake, wala nyumba ya mama ambayo wanawe wanajua hawataihamia.

Makosa makubwa ya miaka hii, kwa maoni yangu, yamo ndani ya lile kabati pana la kuwekea televisheni, linalofunika ukuta mzima wa sebule na kukaa moja kwa moja sakafuni. Vipimo vyake havikutoka kwenye chumba wala kwenye vitu. Vilitoka kwenye kipande cha chipbodi au MDF, ambacho huuzwa kwa futi 8 kwa 4, na fundi hupanga mkato ili asipoteze. Halina miguu, kwa hiyo mchwa hupanda ndani bila kuonekana. Mgongo wake ni kadibodi ngumu. Na chipbodi ina udhaifu usiotibika: ni vumbi na chembe za mbao zilizoshikwa kwa gundi chini ya mgandamizo, na maji yakiingia chembe huvimba, gundi huachia, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa, skrubu za bawaba hazishiki tena. Ubao mzima ukilowa huvimba, na ukikauka hunywea. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipofikia kina cha juu kabisa kilichokuwa kimewahi kupimwa hadi wakati huo, na maji yakaingia majumbani kwenye fuo za Homa Bay, na Mto Kuja ulipofurika Nyatike kama unavyofanya mara kwa mara, samani zilipewa mtihani usio na huruma. Meza za mbao zilianikwa juani zikarudi kazini. Chipbodi ilipasuka kingo, ikafunguka kurasa kwa kurasa, ikaishia jikoni kuwa kuni, na hata kuni nzuri haikuwa, kwa ile gundi yake.

Pingamizi la kwanza ni la bei, nami silipuuzi. Kijana anayeanza maisha kwenye chumba cha kupanga mjini Migori hawezi kulipia mbao ngumu, na kabati la chipbodi linampa sebule yenye heshima leo. Jibu langu ni kwamba kwa kijana huyo, kabati kubwa la aina yoyote ni kosa, liwe la chipbodi au la mkangazi, kwa sababu atahama. Kinachomfaa ni kile kilichomfaa babu yake aliyehamia kazini: sanduku zuri, na rafu nyepesi inayofunguka vipande. Akishajenga, ndipo aagize kabati moja la mbao, dogo kuliko analolitamani. Nyumba ndogo haiteswi na uchache wa makabati; huteswa na kabati moja kubwa mno.

Pingamizi la pili ni la miti, na ni zito zaidi. Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, Rais William Ruto akatangaza kuilegeza Julai 2023, na katikati ya hapo kila mpenda mbao alipaswa kujiuliza kama kabati lake lina thamani ya mti. Migori ina doa lake: tumbaku imekaushwa kwa kuni kwa miongo mingi, na vilima vya Kuria na Uriri vimeilipa gharama hiyo. Lakini chipbodi inayotupwa baada ya miaka michache na kununuliwa tena haiokoi msitu; inahamishia mzigo kwingine, pamoja na gundi na usafiri. Miti ya kutosha kabati imo mabomani. Mgrevilea uliopandwa mipakani hutoa ubao laini wenye nakshi za kupendeza, unaotosha kwa paneli. Siala, ambao tangu zamani hupandwa nyumbani kwa ajili ya nguzo, una sifa ya kustahimili mchwa na unafaa miguu na fremu. Ober hukua pole pole lakini ubao wake ni wa kudumu, na mafundi wa mitumbwi wanaujua. Msaiprasi huliwa na mchwa, na mkaratusi hupinda na kupasuka usipokaushwa kwa subira. Hii ndiyo miti inayouzwa zaidi kwenye yadi, na hapo ndipo mteja anapopaswa kuuliza ubao umekatwa lini kabla ya kuuliza bei.

Pingamizi la tatu husemwa na wenye fedha: kwamba samani za kale, kama lile kabati la nusu mwezi, huhifadhi thamani, kwa hiyo ni uwekezaji. Kwa Ulaya huenda. Huko kuna mnada, wataalamu wa kuthibitisha umri, na hali ya hewa ambayo vinia ile ilitengenezewa. Kando ya ziwa, ambako masika na kiangazi hupokezana na sebule nyingi hazina dari, vinia iliyogandishwa kwa gundi ya wanyama zaidi ya miaka 200 iliyopita huanza kunyanyuka. Na kitu ambacho thamani yake yote imo katika kutoguswa hakifai nyumba ambayo watoto wanapekua kutafuta daftari. Lakini kuna jambo la ndani zaidi kuhusu ukale. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakihesabu kifaa kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na inalinda milango na fremu zake zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Vipimo hivyo vinaifaa Pwani. Huku kwetu, ambako mchwa na desturi ya kuiacha nyumba ianguke vimeondoa karibu kila ubao wa karne ya 19, vinaacha nje kabati la kwanza la misheni, sanduku la mfanyakazi wa reli, na kabati la vioo la mwalimu wa 1965. Kwa sheria si vya kale. Kwa historia ya ukuta ulionyooka huku Nyanza, hivyo ndivyo vya kale zaidi tulivyo navyo, na vinauzwa kama kuni kila mzee anapofariki.

Kuhusu kufariki, sheria nyingine inastahili kujulikana na kila aliye na ufunguo wa kabati. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema katika kifungu cha 35 kwamba mtu akifa bila wosia akiacha mume au mke mmoja na watoto, vyombo na samani za nyumbani ni mali ya mume au mke huyo moja kwa moja, wakati mali nyingine anakuwa na haki ya kuitumia maishani mwake. Samani zimetajwa wazi, na vyombo, na picha, na vyakula vilivyomo. Shemeji anayebeba kabati baada ya mazishi kwa madai kwamba lilikuwa la ndugu yake anachukua mali ya mjane. Naona hapa sheria ya kisasa ikigusa kanuni ya zamani ya dero, kwamba chombo cha kuhifadhia ni cha yule anayekitumia kuwalisha watu wa nyumba, na naamini wazee wengi wangeikubali hoja hiyo haraka ikielezwa hivyo kuliko ikisomwa kwa namba ya kifungu.

Je, nusu mwezi halina nafasi kabisa? Linayo, ila ndogo na mahususi. Nyumba nyingi mpya za Homa Bay na Migori zina ukumbi mwembamba unaounganisha vyumba vya kulala, na humo pembe kali za kabati huumiza mabega na vichwa vya watoto. Rafu ya nusu duara yenye kina cha futi moja, kwa ajili ya taa, Biblia au Kurani na funguo, inafaa pale kwa sababu ileile iliyolifanya kabati la nusu mwezi lifae Osterley Park: watu wanapita. Sebuleni, robo duara kwenye kona hutumia mahali ambapo hakuna anayepita. Na kitu kimoja cha kabati lile la kale naweza kukipendekeza kwa kila nyumba bila kusita, nacho ni miguu. Linasimama juu ya miguu, kama dero linavyosimama juu ya mawe. Fundi akiambiwa aweke miguu ya inchi 6 ya siala, aipake oili chafu kwa chini, aache inchi 2 kati ya mgongo na ukuta, atumie fremu na paneli badala ya kipande kizima, na afunge bawaba kwa skrubu badala ya misumari ili zibadilishwe zikichoka, atatoa kabati ambalo mwenye nyumba anaweza kulichungulia chini kwa tochi na kuiona njia ya udongo ya mchwa siku ileile inapoanza kupanda.